Mchezo wa "Bure" Unamlisha Nani?

Katika lugha ya biashara ya dunia ya leo hakuna neno lililochakazwa kama neno "bure". Tangu masoko yawepo, hajapata kuonekana mwenye duka aliyetajirika kwa kugawa sukari. Hata hivyo, zipo kampuni za michezo ya kompyuta zinazowagawia mamilioni ya watu mchezo bila kudai hata senti moja mlangoni, na hazina zao zikazidi kujaa. Mtu mwenye akili timamu akisikia habari hiyo hana budi kuuliza swali moja: ikiwa hakuna anayelipa mlangoni, nani analipa, na analipia wapi?

Swali hilo linawahusu watumishi wa umma na walimu kuliko wengi wao wanavyodhani. Kijana anapomwambia mzazi au mwalimu wake kwamba anataka kuanza mchezo wa kushindana kwa bunduki katika intaneti, na kwamba mchezo wenyewe ni wa bure, kwa kawaida hupata jibu moja kati ya mawili. Jibu la kwanza ni marufuku: mchezo wa bunduki ni uhuni, na usitajwe tena. Jibu la pili ni ruhusa isiyo na swali: maadamu hautoi fedha mfukoni, mwache acheze. Majibu yote mawili ni matunda ya uvivu wa fikra. La kwanza linalaani kitu kisichochunguzwa. La pili linasadiki tangazo la muuzaji. Wala hakuna hata moja linalomsaidia kijana siku atakapoingia uwanjani, nako kuingia ataingia tu, ama kwa kompyuta ya rafiki, ama kwa kompyuta ya kukodi mtaani.

Yafaa basi uchunguzwe mchezo mmoja unaojulikana duniani kote, nao ni Counter-Strike.

DUKA LILITANGULIA

Mchezo huo haukuzaliwa kiwandani. Ulianza mwaka 1999 kama kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, ambao waliuchukua mchezo mwingine uitwao Half-Life, wakaufumua na kuushona upya, kisha wakawapa wachezaji wenzao wautumie. Bure ya wakati huo ilikuwa bure kweli: mtu alitoa kazi ya mikono yake, na wenzake wakanufaika. Kampuni ya Valve ya Marekani, iliyoutengeneza Half-Life, iliuona utajiri uliomo, ikawaajiri vijana hao, na mwaka 2000 ikautia mchezo sokoni.

Toleo lililokuja kupata umaarufu mkubwa, Global Offensive, lilitoka Agosti 2012, nalo liliuzwa kwa bei iliyojulikana. Agosti 2013, mwaka mmoja tu baadaye, kampuni ilifungua ndani ya mchezo biashara ya nakshi za silaha, yaani rangi na michoro ya kuipamba bunduki ya mchezaji, pamoja na makasha yaliyofungwa ambayo mchezaji hununua ufunguo ili ayafungue. Desemba 2018 ndipo kiingilio kilipofutwa. Counter-Strike 2, iliyochukua nafasi ya toleo hilo Septemba 2023, nayo haina kiingilio.

Msomaji na azitazame tarehe hizo kwa makini, maana zinasema ukweli ambao matangazo hayausemi. Duka lilitangulia, bure ikafuata baada ya miaka mitano. Mwenye uwanja hakufungua milango kwa kuwahurumia wasio na nauli. Aliifungua kwa sababu duka lake la ndani lilikuwa limekwisha kuwa na faida, na duka huhitaji wapita njia.

Hata hiyo bure yenyewe ina matabaka. Asiyelipa huingia na kucheza, lakini hapati kupanda ngazi rasmi za ushindani, wala zawadi za kila wiki. Ili apate hadhi kamili hutakiwa kununua daraja liitwalo Prime, lililowekewa bei ya dola 14.99 za Marekani. Na kwa kuwa kufungua akaunti hakugharimu kitu, mdanganyifu anayefukuzwa leo kwa kutumia programu haramu za kulenga shabaha anaweza kurudi kesho kwa jina jingine, na watakaoonja uharibifu wake kwanza ni wale wale wa tabaka la chini. Mgeni anayeingia bila kuambiwa jambo hili hudhani kwamba kila aliyemshinda ni mwizi, au kwamba yeye mwenyewe ni mjinga. Yote mawili si kweli.

NDANI YA UWANJA

Haki inadai isemwe pia kwamba mchezo wenyewe si upuuzi. Vikosi viwili vya watu watanowatano hupambana. Kimoja hujaribu kutega bomu katika moja ya sehemu mbili zilizowekwa, kingine hujaribu kuzuia au kulitegua. Raundi moja haizidi dakika 2 kabla bomu halijategwa, na bomu likishategwa hulipuka baada ya sekunde 40. Raundi 12 zikimalizika vikosi hubadilishana pande, na kikosi kinachotangulia kushinda raundi 13 ndicho mshindi. Anayeuawa hafufuki mpaka raundi iishe. Hukaa akiwatazama wenzake. Kwa hiyo pupa huadhibiwa papo hapo.

Mwanafunzi mpya akifika huko hugundua kwamba mbio, ambazo ndizo fahari ya ujana, ndizo zinazomwangamiza. Anayekimbia husikika hatua zake. Anayetembea pole hasikiki. Anayefyatua risasi huku anakimbia risasi zake hutawanyika. Hana budi kusimama kwanza, ndipo apige. Kila bunduki ina namna yake ya kuruka juu na kuyumba inapofyatuliwa mfululizo, na namna hiyo haibadiliki ovyo, kwa hiyo hujifunzwa kwa mazoezi kama vile mtoto anavyojifunza jedwali la kuzidisha. Alama ya shabaha yapaswa kushikiliwa usawa wa kichwa cha adui hata kabla adui hajaonekana. Ramani nazo hujifunzwa mojamoja. Ramani ya Dust II, iliyoanza kuchezwa mwaka 2001, hadi leo ni darasa la kwanza la mamilioni ya watu, na mgeni mwenye busara hushika ramani moja au mbili badala ya kudandia zote.

Lakini somo kubwa kuliko yote ni la fedha. Ndani ya mchezo kuna sarafu isiyotoka nje ya pambano. Kila mchezaji huanza na 800, na bunduki ya AK-47 bei yake ni 2,700. Hivyo raundi ya kwanza hupiganwa kwa bastola, atake asitake. Anayeshinda hulipwa, na anayeshindwa mfululizo huongezewa ruzuku hatua kwa hatua hadi 3,400, ili pambano lisife. Akiba ya mtu mmoja haiwezi kuzidi 16,000. Hapa ndipo kikosi kinapopimwa. Ikiwa watu wanne hawana fedha ya kutosha na mmoja anayo, kikosi chenye nidhamu huamua kwa sauti moja: raundi hii wote waweke akiba, raundi ijayo wote wanunue. Mmoja akikaidi akanunua silaha peke yake, atakufa peke yake, na raundi inayofuata atakuwa ombaomba wakati wenzake wameandaa. Mwenye ziada humnunulia bunduki mwenziwe aliyepungukiwa. Si kwa hisani tu. Ni kwa sababu bunduki mbili zinazopiga kwa pamoja zina thamani kuliko moja iliyonakshiwa.

Mwalimu yeyote wa hesabu au wa siasa angefurahi kuwa na mfano kama huo darasani. Mpango, akiba, subira na kusaidiana ndivyo vinavyoshinda. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mchezo huu hauna la kumfundisha mtu hawajautazama.

UFUNGUO NA KASHA

Sasa na itazamwe sura ya pili. Raundi inapokwisha, mchezaji yule yule aliyefundishwa kuweka akiba hurejeshwa kwenye ukumbi wa nje, na huko hukuta duka linalomfundisha kinyume chake. Akiba ya ndani ya mchezo aliitunza kwa mpango. Mshahara wa nje anashawishiwa autupe kwa bahati nasibu.

Kasha hupatikana kwa urahisi, lakini limefungwa. Ufunguo wake huuzwa dola 2.49. Mchezaji akishalipa, picha za silaha hupita mbele ya macho yake kwa kasi, zikapungua mwendo polepole, zikasimama. Kinachosimama katikati ndicho alichonunua. Hakujua anachonunua wakati alipokuwa akilipa. Katika lugha ya Kiswahili jambo hilo lina jina, nalo ni kamari.

Mwaka 2017 serikali ya China ilizilazimisha kampuni za michezo zitangaze uwezekano wa kupata kila aina ya kitu katika makasha kama hayo. Hapo ndipo ulimwengu ulipopewa hesabu ya Counter-Strike. Katika kila makasha 100, karibu 80 yalitoa vitu vya daraja la chini kabisa. Visu na vitu vingine adimu, ambavyo ndivyo vinavyomtoa mtu udenda, vilikuwa asilimia 0.26.

Mwalimu wa hesabu na aichukue asilimia hiyo aipeleke ubaoni. Asilimia 0.26 ni sawa na mara moja katika kila makasha 385, kwa wastani. Funguo 385 kwa dola 2.49 ni zaidi ya dola 958. Wala wastani huo si ahadi. Wakijitokeza watu 100, na kila mmoja akafungua makasha 385, zaidi ya 36 miongoni mwao wangetarajiwa kurudi nyumbani bila kisu hata kimoja, pamoja na kwamba kila mmoja wao ameteketeza fedha hizo zote. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga. Hawakusema kibaba hicho ni cha nani.

Na hata aliyebahatika hana kitu anachoweza kukiita chake kwa uhakika. Akikiuza katika soko rasmi la Steam, ambalo ni mali ya Valve, mnunuzi hutozwa nyongeza ya asilimia 15 inayobaki kwa mwenye soko. Fedha anazopata muuzaji hubaki katika mkoba wa Steam, hazitoki kwenda benki. Ni za kununulia vitu vingine vya duka lile lile. Mwenye soko anaweza pia kubadili sheria usiku, na asubuhi watu wakaamka maskini. Hivyo ndivyo ilivyotokea Oktoba 2025, Valve iliporuhusu vitu vitano vya daraja linalofuata chini ya visu vibadilishwe kwa kisu kimoja. Visu vikaacha kuwa adimu kama zamani, bei zake zikaporomoka ghafla, na wale waliokuwa wameviweka kama akiba ya uzeeni wakabaki wanashika vichwa. Hawakuwa na wa kumshtaki. Mali ilikuwa picha, na picha ilikuwa ya mwenyewe.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa biashara hii wana hoja mbili, na yafaa zijibiwe kwa heshima. Ya kwanza ni kwamba nakshi haimwongezei mtu nguvu. Bunduki iliyopakwa dhahabu na bunduki ya kawaida hutoa risasi ile ile. Hoja hiyo ni ya kweli, na ni sifa kubwa kwa mchezo huu. Katika Counter-Strike ushindi hauuzwi. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayomfaa mgeni kuliko muuzaji, kwa maana inathibitisha kwamba mtu anaweza kuanza, kujifunza na kuwa hodari bila kugusa ufunguo hata mmoja.

Hoja ya pili ni kwamba anayelipa hulipa kwa hiari yake, naye ndiye anayemgharimia maskini asiyelipa. Hiari gani hiyo? Muuzaji mkweli huweka bidhaa juu ya rafu na bei yake, mnunuzi akachagua. Hapa bidhaa imefichwa ndani ya kasha, bei yake halisi imefichwa ndani ya asilimia, na uamuzi unaombwa kwa taa na milio ya kasino. Tena maskini asiyelipa hakai bure. Fahari haina soko pasipo watazamaji. Kisu cha rangi ya zambarau hakina thamani yoyote kwa mtu aliye peke yake chumbani. Thamani yake inatokana na macho ya wale tisa wanaocheza naye. Asiyelipa, basi, ndiye umati unaojaza uwanja ili tajiri apate wa kumringia na mwenye duka apate wa kumvutia kesho. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Wala si maneno matupu kusema kwamba biashara hii imevuka mpaka. Aprili 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya michezo kadhaa, ukiwemo huu, ni kamari isiyo halali. Oktoba 2019 Valve yenyewe ilizuia funguo mpya zisiuzwe baina ya wachezaji, ikikiri kwamba karibu funguo zote zilizokuwa zikiuzwa kwa njia hiyo ziliaminika kutokana na fedha za utapeli. Na kampuni nyingine, Epic Games, yenye mchezo mwingine wa bunduki usio na kiingilio uitwao Fortnite, ilikubali Desemba 2022 kulipa dola milioni 520 katika mashauri yaliyoletwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliotozwa kwa vitufe vilivyopangwa kwa hila. Na miongoni mwa mashtaka lilikuwamo hili, kwamba kwa muda watoto waliweza kununua vitu kwa kadi za wazazi bila wazazi kuulizwa.

MARUFUKU SI DAWA

Wapo watakaosema kwamba baada ya yote hayo dawa ni kupiga mchezo marufuku. China imejaribu njia kali: tangu mwaka 2021 mwenye umri chini ya miaka 18 huruhusiwa kucheza michezo ya intaneti saa moja tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Nchi yenye mitambo ya kumtambua kila mchezaji inaweza kuamuru hivyo. Katika nyumba ya mwalimu, ambako mtoto anajua kompyuta kuliko baba yake, amri isiyo na maelezo ni karatasi tu.

Kinachotakiwa ni mgeni kufundishwa namna ya kuanza. Kwanza ni umri. Global Offensive iliwekwa katika daraja la miaka 17 na zaidi huko Marekani, na miaka 18 huko Ulaya. Mtoto wa shule ya msingi hana nafasi humo, na mzazi asione haya kusema hivyo. Pili, ujuzi utangulie fedha. Mwezi wa kwanza uwe wa kupambana na maadui wanaoendeshwa na kompyuta, kisha uwanja wa mazoezi ambako anayeuawa hurudi mara moja, bunduki moja, ramani moja, masikio wazi. Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi aelewe pia kwamba seva za Afrika ziko mbali, Johannesburg, na kwamba sehemu ndogo ya vifo vyake vya mwanzo ni umbali wa waya, si uzembe wake. Kwa hiyo asihamaki akanunua kitu kwa kujiliwaza. Tatu, namba ya kadi isihifadhiwe katika akaunti. Anayetaka kulipia Prime baada ya kujiridhisha, alipe mara moja kwa bei inayojulikana, kama anavyonunua jozi ya viatu. Nne, kasha lihesabiwe nyumbani kuwa kamari, na lipewe hukumu ile ile inayopewa kamari katika nyumba hiyo. Tano, saa za kucheza zipangwe. Shirika la Afya Duniani limeutia ulevi wa michezo katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili yake si kupenda mchezo, bali kushindwa kuuacha hata unapoharibu kazi, masomo na udugu.

Kwa watumishi wa umma upo wajibu wa ziada. Tanzania inayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya kuisimamia, na mtoto haruhusiwi kucheza kamari. Mlango wa jengo la kamari una mlinzi; mlango wa kasha hauna. Kutaka kila kasha linalouzwa kwa raia liandikwe uwezekano wake kwa lugha anayoielewa, na kutaka bidhaa iwekwe rafuni na bei yake, si kuonea biashara. Ni kuitaka biashara iwe biashara.

Counter-Strike ulianza kwa vijana wawili waliowapa wenzao kazi yao bila kificho. Yaliyo bora ndani yake, yaani akiba ya pamoja, subira, na bunduki anayonunuliwa mwenzi aliyeishiwa, bado hayana bei hata leo. Kijana anayefundishwa kuyachukua hayo na kulipita kasha bila kugeuza shingo atakuwa ameupata mchezo wa bure kweli. Asiyefundishwa atacheza bure miezi mitatu, kisha mshahara wa baba yake utalipa uliobaki.